Wavu Mkavu pale Hollinroyd

Samaki wa kumi na nne alikatikia mkononi. Norman Tordoff alikuwa amemshika mkiani ili amtie kwenye mfuko mweusi wa takataka, mkia ukabaki kwenye glavu, na samaki mwenyewe akarudi majini chubwi, akimrushia Norman uvundo mdomoni. Norman akatema. Akatema tena. Halafu akainama kando ya matete akatapika chai yote ya asubuhi pamoja na mkate wake wa nyama ya nguruwe, mbele ya mwenye bwawa, Clive Rusby, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na leso puani.

"Ukimaliza, kuna wengine wawili pale kwenye ngazi," Clive akasema.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Julai, na Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa na joto la kuudhi, joto ambalo watu wa kule huliomba mwaka mzima kisha likija hulilalamikia. Maji ya bwawa la Hollinroyd yalikuwa yamelala kimya. Juu yake walielea samaki wanene waliokuwa fahari ya mahali pale, matumbo juu, macho yamezama ndani, nzi wamejaa kwenye matamvua. Matamvua yenyewe yalikuwa yameoza wakiwa bado hai. Ute unaomfunika samaki ulikuwa umetoka kwa mabaka, na ngozi ilikuwa inakwaruza. Norman alikuwa ameshika samaki maisha yake yote, lakini hawa walimtia kinyaa hata akiwa na glavu mbili.

Bwawa hilo lilichimbwa zamani kwa ajili ya kiwanda cha sufu. Kiwanda kilikufa, bwawa likabaki, Clive akalinunua akalijaza samaki, na tangu hapo yeyote mwenye fimbo ya kuvulia na tiketi ya siku alikaribishwa kuketi ukingoni tangu alfajiri hadi jioni. Samaki wa Hollinroyd haliwi. Anavuliwa, anawekwa kwenye mkeka laini uliolowanishwa, anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa alikotoka, na kesho yake anavuliwa tena na mjinga mwingine.

Norman alikuwa mlinzi wa pale kwa miaka ishirini na miwili, na wageni alikuwa amewachoka mpaka kwenye mifupa. Aliwaona wachafu, na hakuwa amekosea sana. Waliacha makopo ya mahindi kwenye nyasi. Walikojoa nyuma ya kibanda hali choo kiko hatua ishirini. Wakati wa baridi walibana funza wa chambo ndani ya mdomo wa chini ili wapate joto na kuchangamka, kisha kwa mdomo huohuo wakambusu samaki kwa ajili ya picha. Norman alikuwa akiwaangalia wakibusu, na hakujua amhurumie nani.

Jambo moja tu hakulilegezea, nalo lilikuwa pipa la dawa. Pipa lilikaa getini, limejaa maji ya dawa ya kuua vijidudu, na hakuna wavu wa kumwopolea samaki uliopita pale bila kuzamishwa humo mpaka mpini. Wageni walimwita Bwana Pipa. Walimtania kwamba hata mkewe humchovya kwanza kabla ya kumpa busu. Naye hakujali, alipita ukingoni akigusa nyavu za watu kwa vidole. Ukiwa umelowa, sawa. Ukiwa mkavu, mwenyewe anafukuzwa. Kwake wavu mkavu ulikuwa wavu mchafu, na hukumu hiyo haikuwa na rufaa.

Jumamosi asubuhi alimkuta Edith.

Edith alikuwa samaki mkongwe kuliko wote pale, mzito kuliko mtoto wa miaka minne, na ndiye aliyewavuta wageni kutoka mbali. Kila mtu alitaka picha na Edith. Midomo yake ilikuwa imechanwa na ndoano mara nyingi mpaka upande mmoja ulikuwa umepinda, na Norman hakuwahi hata siku moja kumtupia chambo, ingawa angeweza. Aliona angekuwa anamdhulumu. Sasa Edith alikuwa amelala ubavu kwenye maji ya kina kifupi, bado anahema, na ngozi ya mgongo wake ilikuwa inabanduka. Norman aliingia majini na suruali yake, akamshika, akakaa naye mpaka alipoacha kuhema. Kisha akanusa mikono yake mwenyewe, na hasira ikampanda.

"Nataka jina," Clive alimwambia kibandani, wakiwa wamefungua daftari la tiketi. "Mtu ametuletea huu uchafu. Nani?"

"Mpolandi," Norman akasema.

"Yupi? Wako wengi."

"Zenon. Zenon Wilk, yule wa gereji ya matairi. Unakumbuka ile Jumanne Edith aliponaswa?"

Clive alikumbuka nusunusu. Norman akamsimulia upya. Wiki mbili na nusu zilizopita, saa nne asubuhi, Edith alijiviringisha kwenye mshipi ambao mgeni mmoja mpumbavu aliukata akauacha kwenye matete. Alikuwa anapigapiga, mshipi unamkata. Zenon ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga kelele kumwita Norman, na Norman alipofika alimkuta mtu yuko magotini, ameunyoosha wavu wake, yuko tayari kuutia chini ya Edith.

"Wavu mkavu, Clive. Mkavu kama biskuti. Namuuliza, ananiambia amechovya saa kumi na mbili alfajiri, jua limeukausha. Nikausukuma kule. Nikamwambia asimguse huyo samaki."

"Kwa hiyo hakumgusa."

"Alishautia ncha majini, nina hakika. Na nani ajue aliutia wapi kwingine kabla sijafika? Mimi nilikimbia nikachukua wangu, nikamtoa Edith mwenyewe, nikamkata mshipi, nikamrudisha. Yeye amesimama pale ananitazama."

"Na hawa wenzetu Wapolandi huwala samaki hawa, unajua," Clive akasema. "Krismasi. Wanamweka mzima kwenye bafu la kuogea siku tatu kwanza."

"Najua wanavyofanya."

"Halafu wanaoga humohumo."

Norman akasikia kichefuchefu kinarudi. Hakuhitaji ushahidi zaidi. Alichukua kalamu nene akaandika kwenye ubao wa getini kwa herufi kubwa: ZENON WILK MARUFUKU HAPA. NDIYE ALIYELETA UGONJWA. Kisha akaketi na simu, akawapigia walinzi wa mabwawa sita ya jirani, mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo desturi yao. Mtu akifungiwa bwawa moja kwa uchafu, amefungiwa bonde zima. Wa mwisho alikuwa Wilf Sugden wa bwawa la Thrumley, rafiki yake wa miaka thelathini.

"Una hakika, Norman?" Wilf aliuliza. "Huyo bwana kwangu hana makosa. Huja na mkewe, wanakaa kimya, wanaondoka na takataka zao na za wenzao."

"Wilf, nimegusa wavu wake kwa mkono huu."

"Basi. Ukisema wewe, imetosha."

Jumatatu akaja mkaguzi wa serikali, mwanamke kijana aliyevaa vazi jeupe la kazi, akapasua samaki watatu juu ya meza ya mbao bila hata kukunja pua. Norman alimwonea wivu pua yake. Alipomaliza alinawa, akasema ugonjwa ni ule waliouhofia, bwawa litafungwa, na kwamba hauruki hewani.

"Unasafiri na maji," alisema. "Wavu uliolowa, mkeka uliolowa, mfuko uliofungwa ukiwa na unyevu ndani. Kitu kilichokauka vizuri juani hakinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kile kinachonuka ukifungua mfuko."

"Sisi hapa tunataka nyavu zilizolowa," Norman akasema. "Ndiyo alama kwamba zimechovywa."

"Alama kwamba zimelowa," yule mkaguzi akamjibu, wala hakusema kwa ubaya. Akafunua karatasi zake. "Mwaka huu upande huu wa nchi tumefunga bwawa jingine moja tu. Liko Lincolnshire, la vibanda vya likizo, lina daraja la mbao katikati. Lilifungwa wiki iliyopita, lakini samaki walianza kudhoofu mapema zaidi, mwisho wa Juni. Unamjua mtu yeyote wa hapa aliyekwenda huko?"

Norman alisema wageni ni wengi, hawezi kujua kila mmoja anatoka wapi. Maneno hayo yalitoka yenyewe. Mkaguzi akaandika, akaaga, akapanda gari lake.

Daraja la mbao Norman alilijua. Alikuwa amekaa juu yake siku tatu, mwisho wa Juni, miguu inaning'inia, akinywa bia na shemeji yake. Shemeji alikuwa amesahau wavu nyumbani, kwa hiyo Norman alibeba wake, ule uliokuwa hautoki Hollinroyd miaka yote. Walirudi Jumatatu jioni. Wavu ulikaa kwenye buti la gari ndani ya mfuko wa plastiki, umeloa, na Jumanne saa nne Zenon alipopiga kelele, Norman alikimbilia buti. Alifungua mfuko. Ulinuka. Alikumbuka vizuri kwamba ulinuka, kwa sababu alisonya. Kisha akakimbia nao moja kwa moja mpaka kwenye matete, akausukuma pembeni wavu uliochovywa na kukaushwa na jua la saa nne, akamtia Edith ndani ya wa kwake.

Pipa lilikuwa hatua sita kutoka lilipokuwa gari. Halikumjia kichwani. Pipa lilikuwa la wageni.

Alikwenda kukaa kwenye choo cha bwawa, kile kilichokuwa kinamkera kwa harufu, na akakaa humo muda mrefu kwa kuwa hakuona mahali pengine panapomfaa. Karaha yote aliyowahi kuwaonea wanaobusu samaki na wanaokojoa nyuma ya kibanda ilimgeukia yeye, na ilikuwa nyingi, maana alikuwa ameiweka akiba miaka ishirini na miwili.

Alimwambia Clive jioni hiyohiyo. Clive alisikiliza mpaka mwisho, akachukua muda kuwasha sigara.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna anayejua. Sikiliza, mzee wangu. Nikitangaza kwamba mlinzi wangu mwenyewe ndiye aliyewaua, nani atarudi hapa nikifungua tena? Watasema Hollinroyd hawajui hata kuosha wavu wao. Akibaki yule Mpolandi, ni bahati mbaya, mgeni mchafu, mambo yanatokea."

"Hakufanya kitu, Clive. Alikuwa na wavu safi. Alishaunyoosha."

"Atakwenda kuvua kwingine."

"Hawezi. Nimemfungia kote."

"Basi acheze domino," Clive akasema, akapuliza moshi. "Nani atamlilia?"

Norman alimtazama mdomo uliokuwa unasema hayo, unyevu wa sigara kwenye mdomo wa chini, akaona heri samaki wa kumi na nne. Lakini siku iliyofuata hakuufuta ubao. Wala iliyofuata. Kila asubuhi alipita getini na mifuko yake ya mizoga, akilisoma jina lile kwa mwandiko wake mwenyewe, na kila asubuhi alijiambia atalifuta jioni. Mkewe, Brenda, alimvulisha nguo zote mlangoni, akazitia kwenye ndoo nje, akasema ameosha mara tatu na uvundo hautoki. Norman alisema ni wa samaki. Chakula kilimshinda.

Alhamisi adhuhuri Zenon mwenyewe alikuja. Alisimama nje ya geti chini ya jina lake, mtu wa miaka arobaini hivi, mikono ina weusi wa mpira ambao hautoki kwa sabuni. Hakugusa geti.

"Bwana Norman," alisema. "Sikuja kugombana."

"Sawa."

"Baba mkwe wangu amekuja kutembea. Ana miaka sabini na sita, hajawahi kufika nchi hii. Mwaka mzima namwambia kwenye simu, njoo, nitakupeleka kuvua, utaona watu wa huku wanavyotunza samaki. Jumapili nimempeleka Thrumley. Bwana Wilf ananisimamisha getini, mbele yake, mbele ya mke wangu na watu kumi. Ananisomea karatasi. Mzee haelewi Kiingereza, lakini alielewa kwamba tunafukuzwa. Njia nzima ananiuliza nimeiba nini."

Norman alikuwa ameshika mfuko mweusi, na maji yalikuwa yanavuja kwenye kiatu chake.

"Nimeosha wavu wangu kila siku," Zenon aliendelea. "Hata nyumbani nina ndoo ya dawa. Mke wangu hunicheka. Kwa hiyo nimekuja kukuomba kitu kimoja. Kama una ushahidi, nionyeshe. Nikiuona, naondoka, sirudi tena."

"Sina," Norman akasema.

Zenon akangoja.

"Ni mimi," Norman akasema. "Wavu ulikuwa wangu. Nilitoka nao Lincolnshire, mbichi, kwenye mfuko. Kule kuna ugonjwa. Ile Jumanne sikuuchovya."

Alitegemea kutukanwa. Angependa kutukanwa. Zenon aliangalia upande wa matete ambako siku ile walikuwa wamepiga magoti wote wawili.

"Nilisikia harufu," akasema mwishowe. "Ulipokuja nao. Nikasema moyoni, nimuulize kama umechovywa? Nikaona aibu. Nani anamuuliza Norman?"

"Ungeuliza."

"Ungenifukuza."

Norman aliweka mfuko chini, akachukua kitambaa akafuta ubao, akafuta mpaka rangi ya chini ikaanza kutoka. Zenon alitikisa kichwa.

"Hapa pameshafungwa, hakuna anayepita kusoma. Unifutie kule Thrumley. Jumapili, saa mbili, wakati watu wanagawana nafasi za kuvulia. Nitakuja na mzee. Useme wewe, kwa mdomo wako."

"Naweza kumpigia Wilf simu leo hii."

"Simu ulishapiga," Zenon akasema.

Jumapili Norman alivaa koti lake la msibani. Clive, baada ya kuelezwa na Norman anachokwenda kufanya, alikuwa amempigia usiku wa kuamkia siku hiyo kumwambia kwamba akifungua mdomo, kazi hana. Alikwenda hivyohivyo. Alifika Thrumley saa mbili kasoro dakika tano, akashuka, akaenda kufungua geti kama alivyokuwa akifanya miaka yote, na Wilf akalishika kwa upande wa ndani.

"Samahani, ndugu yangu. Wewe unashika mizoga kila siku. Mtu wa Hollinroyd haingii. Ni wewe uliyetuambia kuna ugonjwa."

"Nina jambo la kusema kwa watu."

"Lisemee hapo."

Kulikuwa na watu kama ishirini upande wa pili wa uwanja wa magari, wanakunywa chai kwenye vikombe vya chupa zao, wengi anawajua kwa majina. Zenon alikuwa amesimama upande wa Norman, nje, na mkewe, na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya pamba na kushika fimbo mpya ya kuvulia ambayo bado ilikuwa na lebo ya dukani. Norman alikohoa. Akasema alichokuja kusema. Alisema haraka, kwa sauti ya chini, akiuangalia mkono wa Wilf kwenye komeo.

"Hatukusikii," mtu mmoja akasema kule kwenye magari. "Ongeza sauti, Bwana Pipa."

Wachache wakacheka. Walidhani amekuja kusoma sheria mpya.

Basi akapaza sauti. Ilibidi apige kelele, mtu wa miaka sitini na moja mwenye koti la msibani, ameshika mbao za geti: kwamba Zenon Wilk hakuleta ugonjwa, kwamba aliyeuleta ni yeye, Norman Tordoff, kwa wavu wake mwenyewe uliotoka maji ya watu wengine na haukuchovywa, kwamba Zenon alikuwa ameshanyoosha wavu safi naye akausukuma, na kwamba amelijua hilo tangu Jumatatu akanyamaza. La mwisho hilo Zenon hakuwa amelijua. Norman aliona shingo yake ikigeuka.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtu mmoja aliyevua na Norman tangu ujana alimwaga chai yake kwenye nyasi, akakunja uso, akarudi kwenye gari lake. Mwingine alitema mate. Yule mzee alimvuta Zenon mkono akamuuliza, na Zenon akamweleza kwa lugha yao, kwa maneno machache kuliko yale aliyopiga kelele Norman. Mzee alimtazama Norman toka viatuni mpaka usoni, mara moja tu, halafu akasogea kidogo pembeni, kama mtu anavyosogea akiona kitu kimekanyagwa njiani.

Wilf aliitoa mfukoni karatasi ya majina ya waliofungiwa. Alikata jina moja kwa kalamu, akaandika jingine chini yake.

"Miaka thelathini, Norman," alisema.

"Andika tu."

"Nimeshaandika." Wilf akavuta komeo, akalifungua geti lote, akampisha Zenon kwa mkono. Kisha akamgeukia Norman, ambaye alikuwa bado ameshikilia mbao. "Sogea hapo mlangoni. Wageni wapite."